Tone Chini ya Pikapu: Kufundisha Uchunguzi kwa Difu Inayovuja

Kwa muda mrefu walimu wa Sayansi katika shule za msingi tumekuwa tukifundisha hatua za uchunguzi kana kwamba ni majina ya miezi. Mwalimu huandika ubaoni: kutambua tatizo, kubuni jibu la kujaribia, kufanya jaribio, kukusanya data, kufikia hitimisho. Wanafunzi hunakili, hukariri, na siku ya mtihani huzitaja kwa mpangilio. Lakini mtoto huyohuyo akikabidhiwa tatizo dogo la kweli, hajui aanzie wapi. Hatua anazo kichwani, uchunguzi hana.

Katika makala hii napenda kutetea maoni yafuatayo: uchunguzi hauna budi kufundishwa kwa kitu halisi chenye kasoro halisi, na mwanafunzi atunukiwe alama kwa njia aliyoipita hata kabla ya kutunukiwa kwa jibu alilolipata. Mfano nitakaoutumia ni uvujaji wa oili katika difu ya pikapu ya zamani. Huenda baadhi yenu, ndugu wanachuo, mkashangaa kuona mambo ya gereji katika jarida la mbinu za kufundishia. Nawaomba mnivumilie hadi mwisho, kisha mpime wenyewe.

Kwa nini pikapu?

Mkoa wetu wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, umekaa juu ya njia. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita Vwawa na kufika mpakani Tunduma. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, nayo inavukia hapohapo. Malori husimama kwa misururu yakisubiri kuvuka, na pale malori yasimamapo, mafundi hukaa. Hakuna mtoto wa Tunduma asiyejua sauti ya spana.

Lakini nje ya barabara kuu, mzigo wa mkoa huu hubebwa na magari madogo. Kahawa ya Mbozi, mpunga wa bonde la Ziwa Rukwa, mbao na mahindi ya Ileje, na mara nyingi wagonjwa na hata walimu wenyewe, husafiri juu ya pikapu zilizokwisha kuzeeka. Magari hayo hupita vumbi wakati wa kiangazi, matope na maji wakati wa masika, na miteremko mikali karibu mwaka mzima. Chini ya mengi kati yake, yakisimama usiku kucha, asubuhi huonekana doa jeusi.

Basi hiki ni kitu ambacho mtoto amekiona, amekikanyaga, na amesikia wakubwa wakibishana juu yake. Ni kitu chenye gharama na hatari. Mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, John Dewey, katika kitabu alichokitoa mwaka 1910 juu ya namna tunavyofikiri, alieleza kwamba fikra za kweli huanza pale mtu anapohisi ugumu uliomfika. Nasi hapa nchini tangu Machi 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, tumekuwa tukikumbushwa kuwa elimu isiyogusa maisha ya jamii humtenga mtoto na watu wake. Tone la oili chini ya gari la mjomba ni ugumu unaohisiwa, tena ni maisha ya jamii.

Difu ni nini, na oili yake ina kazi gani?

Mwalimu hawezi kuongoza uchunguzi wa kitu asichokifahamu. Kwa hiyo tuanze na misingi.

Injini ya pikapu ya kawaida iko mbele, na magurudumu yanayoisukuma yako nyuma. Mzunguko hutoka kwenye giaboksi na kupita katika bomba refu la chuma liitwalo propela shafti hadi kwenye difu, lile tumbo la mviringo lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Humo ndani gia ndogo, yaani pinioni, huzungusha gia kubwa iitwayo krauni, na hivyo mzunguko uliokuja kwa urefu wa gari hugeuzwa kwenda upande wa kushoto na wa kulia.

Difu ina kazi ya pili ambayo ndiyo iliyoipa jina: huyaruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti gari likipinda kona. Hapa pana somo zuri la Hisabati. Tuseme umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ni meta 1.4. Gari likizunguka duara zima, gurudumu la nje litasafiri zaidi ya lile la ndani kwa meta 2 × 22/7 × 1.4, yaani meta 8.8. Wanafunzi wa Darasa la Saba wajaribu kwa duara dogo na kwa duara kubwa. Watakuta kwamba tofauti ni ileile. Nimeona darasa zima likikataa kuamini mpaka lilipochora duara hizo uwanjani kwa kamba na vijiti.

Gia hizo husagana kwa nguvu kubwa, hivyo zinahitaji oili nzito, ile ambayo madukani huitwa oili ya gia namba 90. Oili hupunguza msuguano na kubeba joto. Ikipungua sana, gia na beringi huungua, na gari huanza kulia kwa sauti ya kuvuma. Lakini hatari kubwa zaidi iko kwenye ncha za ekseli. Katika pikapu nyingi za zamani, kama zile Toyota Hilux za miaka ya 1970 na 1980, sili ya mpira iliyoko mwisho wa ekseli ndiyo inayoizuia oili isiingie katika dramu ya breki. Sili hiyo ikichoka, oili hulowesha lainingi, na breki iliyolowa oili haishiki. Mwenye kuteremka kuelekea bonde la Rukwa na abiria nyuma hana nafasi ya kujifunza jambo hilo njiani. Ndiyo maana nasema hili si somo la kupoteza wakati.

Haraka ya kubadilisha

Sasa tazameni jinsi tatizo hili linavyoshughulikiwa kwa kawaida. Mwenye gari anaona doa, anamwita fundi, fundi anainama mara moja na kusema: "Sili imekufa." Sili mpya inanunuliwa, inafungwa, fedha inalipwa. Baada ya majuma machache doa linarudi. Lawama hupelekwa kwa sili: ni bandia. Inanunuliwa nyingine. Nayo inavuja. Mara ya tatu mwenye gari anazoea, anaweka chombo chini ya gari na kuongeza oili kila mwezi.

Huenda sili ya kwanza haikuwa na kosa. Juu ya ekseli kuna kitundu kidogo chenye kifuniko, kinachoiwezesha difu kupumua. Gari likitembea, oili na hewa iliyomo ndani hupata joto, na hewa ikipata joto hutanuka. Kitundu kikiwa wazi, hewa ya ziada hutoka. Kikizibwa na matope yaliyokauka, haina pa kutokea. Hewa iliyofungiwa ikipanda joto kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 80 za Selsiasi, kani yake huongezeka kwa kiasi cha moja ya tano. Kani hiyo huisukuma oili ipite popote penye udhaifu, na udhaifu wa kwanza ni mdomo wa sili. Hata ubadilishe sili kumi, madhali kitundu kimezibwa, utakuwa unapambana na dalili na kukiacha chanzo.

Sababu nyingine nazo zipo. Huenda oili ilijazwa kupita kiasi. Huenda beringi ya pinioni imelegea, hivyo mhimili unatikisika na kuulemea upande mmoja mdomo wa sili. Huenda chuma kinachosuguana na sili kimechimbika mfereji, kiasi kwamba hata sili mpya haikikamati. Sababu zote hizi zinatoa doa la aina moja sakafuni, na dawa zake ni tofauti. Anayetibu bila kuchunguza amecheza bahati nasibu kwa fedha ya mwenzake.

Uchunguzi kwa maswali matatu

Napendekeza somo hili lifundishwe kwa vipindi vinne au vitano, kwa Darasa la Sita au la Saba, likiongozwa na maswali matatu tu. Mwanafunzi asiruhusiwe kuruka swali moja kwenda jingine kabla hajatoa ushahidi.

Swali la kwanza: Ni kioevu gani? Kila kinachodondoka chini ya gari si oili ya difu. Huenda ni mafuta ya breki, huenda ni grisi iliyoyeyuka, huenda ni oili ya injini iliyopeperushwa na upepo hadi nyuma, au ni maji tu ya kuoshea gari. Mwalimu aandae vichupa vyenye vioevu hivi na wanafunzi wavilinganishe. Oili ya gia ni nzito, na hutoa harufu kali inayofanana na ya salfa kwa sababu ya dawa zinazochanganywa ndani yake. Mafuta ya breki ni mepesi. Tone la oili likitiwa katika glasi ya maji huelea. Tone la mafuta ya kawaida ya breki huchanganyika na maji. Jaribio hili dogo huleta furaha kubwa darasani, nalo lina maana kubwa, kwani mafuta ya breki yakionekana ndani ya gurudumu, kasoro haiko katika difu hata kidogo, na gari halifai kuendeshwa kabla ya kutengenezwa. Oili ikionekana nyeupe kama chai ya maziwa, ni dalili kwamba maji yameingia ndani.

Swali la pili: Inatoka wapi? Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa kuwa mahali penye unyevu si lazima pawe mahali penye uvujaji. Oili hushuka kwa uzito wake, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo mchunguzi haangalii mahali palipolowa zaidi. Anatafuta mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa. Vumbi letu la kiangazi nalo ni shahidi: vumbi lililogandamana na kuwa kama udongo mgumu huonyesha uvujaji wa siku nyingi, na unyevu safi unaong'aa huonyesha uvujaji mpya.

Mahali pa kushukiwa panaweza kuhesabika. Mbele ya difu, propela shafti inapoingia, kuna sili ya pinioni. Ikivuja, mara nyingi oili hurushwa na mzunguko na kuacha mstari wa madoa upande wa chini wa bodi. Kwenye maungio ya difu na ganda lake kuna gasketi; katika Hilux za zamani maungio hayo yako upande wa mbele, na aina nyingine za magari zina kifuniko upande wa nyuma. Kuna nati ya kujazia oili na nati ya kumwagia oili. Kuna sili mbili za ekseli, ambazo uvujaji wake huonekana kama michirizi upande wa ndani wa gurudumu. Kuna kile kitundu cha kupumulia. Mwisho kuna ganda lenyewe, ambalo laweza kuwa na ufa.

Ili kupata jibu, sehemu hiyo yote husafishwa na kukaushwa. Kisha chaki, zana ambayo mwalimu haikosi, husagwa na kunyunyizwa kama vumbi jepesi juu ya maungio yote. Gari hutembezwa mwendo mfupi, likarudi na kutazamwa. Oili ikitoka huchora mstari mweusi juu ya chaki nyeupe, na mstari huo huanzia penye chanzo. Sijui jaribio jingine linalofundisha maana ya ushahidi kwa gharama ndogo kama hii. Kadhalika kadibodi pana hulazwa chini ya gari usiku, ikatiwa alama za magurudumu na za katikati ya ekseli. Asubuhi wanafunzi huinua kadibodi hiyo na kuisoma kama ramani: doa liko wapi, ukubwa wake gani, lipo umbali gani kutoka gurudumu la kushoto? Hapo hapo mwalimu wa Jiografia amepata zana ya kufundishia skeli.

Swali la tatu: Kwa nini inatoka hapo? Hili ndilo swali ambalo mabadilishano ya haraka ya vifaa hulisahau. Ikiwa ni sili, kwa nini imeshindwa? Ni uzee, ni kani ya hewa, ni mhimili unaotikisika, au ni oili iliyozidi? Kila dhana ina kipimo chake. Kipimo cha oili iliyozidi ni kufungua nati ya kujazia gari likiwa mahali tambarare na limepoa. Oili inatakiwa ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu, isimwagike kwa wingi. Kipimo cha kitundu cha kupumulia ni kukitazama na kukisafisha, halafu kurudia jaribio la chaki kabla ya kubadilisha kitu chochote. Kipimo cha beringi ni fundi kuutikisa mhimili wa pinioni kwa mkono na kuona kama una mchezo.

Darasani kani ya hewa huonyeshwa kwa chupa tupu ya plastiki na puto. Puto huvishwa mdomo wa chupa, chupa ikawekwa ndani ya maji ya moto, na puto likajaa bila mtu kulipuliza. Halafu mwalimu achukue chupa nyingine, aipashe joto, aigeuze na kuuzamisha mdomo wake katika maji ya baridi. Hewa ikipoa husinyaa, na maji hupanda ndani ya chupa. Ndivyo ilivyo kwa difu yenye joto inayoingizwa ghafla katika maji ya mto: hewa iliyomo husinyaa, na maji huvutwa ndani kupitia kitundu au sili iliyochoka. Mtoto aliyeona maji yakipanda chupani hatahitaji kuambiwa kwa nini madereva wa njia za mito huunganisha mpira mrefu kwenye kitundu hicho na kuupandisha juu.

Hesabu ya tone

Wanafunzi na wapime pia. Waanze kwa kuhesabu ni matone mangapi ya oili yanayojaza kijiko cha dawa cha mililita 5. Tuseme wamepata matone 100. Ikiwa gari linadondosha tone moja kila dakika, kwa siku nzima ni matone 1,440, yaani mililita 72. Difu yenye lita 2 itakuwa imekauka baada ya siku 28 hivi. Hesabu hii ya kuzidisha na kugawanya ni rahisi, na watoto huipenda.

Kisha mwalimu aulize: Je, itakauka kweli? Awaache wafikiri. Oili ikishuka chini ya usawa wa mahali inapotokea, itaacha kuvuja yenyewe. Kwa hiyo hesabu yetu ilikuwa sahihi kama hesabu, lakini ilidhani jambo ambalo si la kweli. Zaidi ya hayo, mwenye gari atakayeona doa limekoma atafurahi, kumbe difu yake sasa ina oili pungufu kuliko wakati wowote. Kukoma kwa tone si dalili ya kupona. Swali hili moja, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko ukurasa mzima wa hatua za kukariri, kwa sababu linamfundisha mtoto kuihoji hesabu yake mwenyewe.

Alama zitolewe kwa nini?

Hapa nafika kwenye jambo ambalo najua halitawapendeza walimu wote. Tumezoea kutoa alama kwa jibu lililo sahihi na kupiga mkasi jibu lisilo sahihi. Katika uchunguzi wa aina hii utaratibu huo unaharibu somo. Mwanafunzi aliyebahatisha kusema "sili ya pinioni" na ikawa ni hiyo, hajafanya uchunguzi. Mwanafunzi aliyedhani ni gasketi, akasafisha, akanyunyiza chaki, akaona chaki ya gasketi imebaki nyeupe, akaandika "si gasketi," huyo amefanya uchunguzi kamili. Ameondoa sababu moja kwa ushahidi. Anastahili alama.

Napendekeza daftari la uchunguzi liwe na safu nne: ninadhani nini, nitajaribuje, nimeona nini, nimeamua nini. Safu ya mwisho ikisema "dhana yangu imekataliwa," alama isipungue hata moja. Tukifanya hivyo, watoto wataacha kuficha dhana zao na kungoja mwalimu ataje jibu. Tusipofanya hivyo, tutaendelea kuzalisha watu wa kubadilisha sili.

Pingamizi na majibu yake

Zipo pingamizi tatu ninazozisikia mara kwa mara kutoka kwa wanachuo wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha.

Ya kwanza ni hatari. Pingamizi hii ni ya haki, na jibu lake ni utaratibu usiovunjwa. Mtoto haingii kamwe chini ya gari, liwe limeinuliwa au halikuinuliwa. Kutazama hufanywa kutoka ubavuni kwa kioo na tochi, na kazi ya chini hufanywa na fundi mzima, gari likiwa juu ya stendi imara na magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa magogo. Jeki peke yake haitoshi. Gari huendeshwa na dereva wake, na watoto hukaa mbali. Dramu ya breki isifunguliwe mbele ya watoto wala vumbi lake lisipulizwe, kwani lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huharibu mapafu. Kufanya jaribio la kioevu ni kazi ya mwalimu mwenyewe, mikono huoshwa kwa sabuni, na oili chafu haimwagwi ardhini.

Ya pili ni wingi wa wanafunzi. Darasa la watoto themanini haliwezi kuzunguka pikapu moja. Ni kweli, lakini si lazima walizunguke wote. Kundi moja lisome ramani ya kadibodi, kundi la pili lifanye jaribio la puto, la tatu lichunguze sili kuukuu na gasketi zilizotupwa, ambazo mafundi wa Tunduma watawapeni bila malipo mkiziomba kwa adabu, na la nne lipige hesabu ya matone. Kisha makundi yabadilishane na mwisho yaletewe kesi moja ya kuamua kwa pamoja. Na shule iliyo mbali na gari lolote itumie ndoo inayovuja, bomba la maji, au paa la darasa. Paa nalo hulowesha ukuta mahali pasipo na tundu, na watoto wanaweza kulifuatilia kwa maswali yaleyale matatu.

Ya tatu ndiyo inayoniudhi: kwamba gereji ni mahali pa walioshindwa masomo, na kwamba wasichana hawahusiki. La hasha. Fundi mzuri wa difu hufikiri kwa utaratibu kuliko wengi wetu tulio na vyeti. Mwalimu amwalike darasani, ampe kiti, na awaache watoto wamhoji: "Fundi, ulijuaje kwamba si gasketi?" Baadhi ya mafundi watajibu vizuri ajabu. Wengine watasema tu, "Uzoefu." Jibu hilo nalo lina somo ndani yake: watoto watagundua kwamba uzoefu usioelezeka hauwezi kurithishwa. Kuhusu wasichana, mama mwenye pikapu ya kubebea mazao sokoni ndiye anayelipia zile sili tatu. Msichana aliyefundishwa kuuliza maswali matatu hatadanganywa kwa urahisi.

Kwa mwalimu mwenyewe

Ndugu wanachuo, mkifika shuleni mtakabidhiwa watoto ambao mtaambiwa kuwa ni wazito. Mtoto hafanyi mafumbo ya Hisabati, na papo hapo mwalimu anampa mazoezi mengine ya Hisabati, akishindwa anaongezewa mengine, na akishindwa tena anaadhibiwa. Je, ni nani aliyeuliza swali la kwanza, kwamba kasoro hii ni ya aina gani? Huenda mtoto anajua kuzidisha vizuri sana, ila hawezi kusoma sentensi ya fumbo. Mwambieni fumbo kwa mdomo. Akilijibu, mmejua kwamba kasoro haiko katika Hisabati. Huenda haoni ubaoni. Mhamishieni dawati la mbele kwa juma moja mtazame. Huenda anafika shuleni bila kula. Kila dhana ina kipimo chake, na vipimo hivi havihitaji fedha, vinahitaji subira.

Sisemi kwamba mtoto ni gari. Nasema kwamba mwalimu asiyejua kutenganisha dalili na chanzo kwa kitu cha chuma, kisicho na siri wala aibu, itamwia vigumu zaidi kufanya hivyo kwa mtoto, ambaye huficha, huona haya, na hubadilika kila siku. Ndiyo maana naona mazoezi haya yafanywe kwanza hapa chuoni, na wakufunzi tuwe wa kwanza kuyafanya pamoja nanyi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni kweli, lakini mwenye kuziba sharti ajue kwanza ufa uko wapi na nini kiliupasua. Kabla ya muhula ujao wa mazoezi ya kufundisha, kila mwanachuo na aandae andalio moja la somo la uchunguzi wa kitu halisi kilicho na kasoro katika mazingira ya shule atakayokwenda, aweke ndani yake yale maswali matatu na zile safu nne za daftari, na aje nalo tulijadili. Chaki mnayo.